Gundi ya Fundi

Fundi viatu wa soko letu hapa Oruro hukisikiliza kiatu kabla ya kumsikiliza mwenyewe. Huipapasa soli kwa dole gumba lililopasuka, huikunja, huinusa, kisha huguna. Tangu binti yake Nicanora amshawishi kuuza gundi na vifaa vya mtu kujitengenezea viatu vyake nyumbani, watu hununua na kwenda zao, naye hushinda akiwaelekeza: "Kwangua kwanza, mama. Ikauke kidogo ndipo ubandike." Nyundo yake siisikii tena kutoka kibandani kwangu ninapouza supu.

Jana, kanivali ikipita, mcheza ngoma mmoja alikuja akichechemea, buti lake la njuga mkononi, soli inaning'inia. "Mzee, gundi yako takataka! Umeniaibisha mbele za watu!" Fundi alilichukua buti. Aliibandua ile gundi iliyomwagwa ovyo, akashona taratibu, na uso wake ukakunjuka kama zamani. Kijana akalivaa, akapiga mguu chini, njuga zikalia.

"Enhee, sasa limeshika! Hebu nielekeze, mzee, la pili nitashona mwenyewe."

Fundi akaitazama mikono yake. Kisha akainuka kumtafutia sindano na uzi.