Majani Aliyopanda Kaka

Baba yao alipofariki, fundi viatu alirithi meza ya kazi, nyundo mbili na kobe. Kaka yake mkubwa alichukua vyumba vya mbele, yeye, dada mtu, akabaki na vya nyuma pamoja na ua, na hakuna aliyenung'unika. Kobe walimwita Hakimu, kwa jinsi alivyoinua shingo na kumkazia mtu macho, kana kwamba anataka kusikia upande wa pili kabla ya kukata shauri.

Hakimu aliishi uani, ndani ya ukuta mfupi wa matofali, na humo fundi hakupanda kitu asichokijua. Kulikuwa na ukoka, mchunga, na mpungate ambao vipande vyake aliviunguza miiba kwenye moto kabla ya kumpa. Majani ya mforosadi aliyaomba kwa jirani. Mche wa kununua aliuosha, akaubadilishia udongo na kuuweka kando mpaka utoe majani mapya, kwa sababu wauza miche hupiga dawa ya wadudu, na kobe hajui dawa, yeye anatafuna tu. Mnyaa ulioota wenyewe pembeni aliung'oa amevaa glavu, maana utomvu wake ukimwingia mtu jichoni ni kilio.

"Huyo mnyama anaangaliwa kuliko mimi," kaka yake alizoea kusema.

"Wewe una mke, tena una mikono," fundi alimjibu, na wote wakacheka.

Kicheko kiliisha siku ile kaka alipowaalika wakubwa wake wa kazini waje kula nyumbani. Fundi aliporudi mchana kutoka kibandani kwake, mikono bado inanuka gundi, alimkuta wifi yake amesimama uani, anatazama huku na huku kwa furaha.

"Kaka yako kaleta watu wametengeneza bustani," wifi alisema. "Si pamependeza?"

Ukoka wote ulikuwa umeparuliwa. Mpungate ulikuwa jalalani, mizizi juu. Ndani ya ukuta wa Hakimu walikuwa wamemwaga kokoto nyeupe na kupanda ile mimea ya majani mapana yenye madoadoa meupe, ile inayowekwa kwenye milango ya ofisi. Jani moja lilikuwa limemegwa ukingoni. Hakimu alikuwa amejibana kwenye kona, mdomo wazi, ulimi umevimba, povu linamtiririka.

Fundi alilichuma lile jani kwa kipande cha kitambaa, akampakia kobe kwenye kreti, akaondoka karibu mbio.

Daktari wa mifugo alimsafisha Hakimu mdomo kwa maji, taratibu, kisha akaligeuzageuza jani.

"Hili lina vitu kama vijisindano ndani yake," alisema. "Linaunguza mdomo mpaka koo. Koo lisipoziba, atapona. Mpe maji kidogokidogo kwa bomba la sindano, bila sindano yenyewe."

"Na likiziba?"

Daktari alichukua bomba, akamwonyesha namna ya kulishika.

Njiani kurudi, fundi alijisikia kifua kimejaa kama mtungi. Alipita mlango wa mbele, mlango ambao kwa kawaida hakuutumia, akaingia sebuleni na kreti mkononi. Wageni walikuwa wameshaanza kula.

"Mdogo wangu, tutaongea baadaye," kaka alisema kwa sauti ya chini.

"Tutaongea sasa. Nani kakuruhusu kupanda sumu kwa Hakimu?"

"Sumu gani? Kobe ni mnyama wa porini, si anajua mwenyewe cha kula?"

"Porini ana pori zima la kuchagua. Hapa ana ulichompa wewe, basi."

Mgeni mmoja aliweka kijiko chini. Fundi alikwenda uani, akaweka kreti kivulini, akaanza kung'oa. Aling'oa kwa mikono mitupu, mmea mmoja baada ya mwingine, akirusha kokoto kando bila kujali zinaangukia wapi. Utomvu ulimwasha viganja hadi vikawa vyekundu, lakini hakuacha mpaka pakabaki udongo mtupu. Wifi ndiye aliyemletea maji na sabuni, akamshikia beseni.

Siku zilizofuata Hakimu hakula. Fundi alifunga kibanda chake cha viatu, akawa anamdondoshea maji mdomoni, na kila tone lilipomwagika nje hasira zilimpanda upya. Uvimbe ukaanza kushuka, na hatimaye asubuhi moja Hakimu aliuma ua la hibiskasi, akalitafuna upande mmoja wa mdomo.

Jioni ya siku hiyohiyo kaka alikuja uani amekumbatia chungu chenye mche wa majani membamba, umejaa maua ya waridi.

"Nimemletea huyu mzee wako," alisema. "Muuza miche kaniambia kobe wanaupenda sana."

Fundi aliutazama. Ulikuwa oleanda.

"Yale ya kwanza yalimchoma mdomo," alisema polepole, meno yamekazana. "Huu unasimamisha moyo. Hata wako."

Kaka aliurudisha mkono nyuma, chungu nusura kimponyoke.

"Sikujua."

"Najua hukujua. Mlango wangu ule pale. Nimemlea huyu kobe tangu baba anaumwa. Kwa nini ukamuulize muuza miche?"

Kaka alikiweka chungu chini. "Niliona aibu kukuuliza," akasema. "Baada ya yale ya mbele ya wageni."

Huenda alidhani maneno hayo yangemlainisha. Yalimkoroga zaidi. Kobe alikuwa amekoswakoswa na kifo mara mbili, na mara ya pili sababu ni mtu mzima kuona haya.

"Upeleke mbali, usiuchome, moshi wake nao mbaya," fundi alisema. "Kisha nawa mikono. Kisha nenda kwa jirani, kachimbe ukoka na mizizi yake, uje uupande hapa. Mwenyewe, si watu wa kukodi."

Kaka alikwenda. Alirudi na gunia, akapiga magoti kwenye udongo na suruali yake ya kazini, akawa anachomeka ukoka bila mpangilio, mwingine kichwa chini. Fundi alimsimamia, mikono kiunoni.

"Huo geuza," alisema. "Na huo."

Alipomaliza, kaka aliinua uso kumtazama, kama anayesubiri neno. Fundi alimpa ndoo ya maji amwagilie, akambeba Hakimu, akaingia chumbani kwake na kufunga mlango.