Tiara Hakai Chini

Siku ile mwalimu mgeni alifura kwa hasira, na nani angemlaumu? Ofisini kwa mwalimu mkuu, mama wa watu ameketi ukingoni mwa kiti, mkoba mapajani, ameshikishwa kalamu asaini mwanawe ahamishwe shule. Kosa la mtoto? Hakai chini. Basi! Hajapiga mtu, hajaiba, hajatukana.

Darasani walimwita Tiara kwa kutotulia kwake, kama tiara upeponi. Mwalimu alipofika kufundisha nchi ile isiyo yake, alimkalisha, akamkalisha tena, mpaka akachoka yeye. Ndipo akaanza kuwatazama watoto wake mmoja mmoja. Kulikuwa na anayekaa mlangoni: ukimwuliza ghafla analia, lakini ukimdokezea mapema anakujibu vizuri tu. Mwenye mapengo alijibu kabla swali halijaisha. Na Tiara? Ukimkalisha, anabaki kukodoa macho, haambulii kitu. Mwache atembee nyuma ya madawati, hesabu zote anazo. Basi mwalimu akamwachia nafasi huko nyuma, na darasa likatulia. Siku mwalimu mkuu alipochungulia akamwona mtoto anatembea, ikawa nongwa.

"Labda huko kwenu watoto hutembea ovyo," mwalimu mkuu alisema, akitoka mezani kwenda dirishani. "Hapa mtoto anayefundishika anakaa." Akaenda kabatini. "Shule ni utulivu." Akarudi dirishani, visigino ko, ko, ko.

"Kwetu watoto ni hawa hawa," mwalimu mgeni akajibu. "Mwite umwulize chochote nilichofundisha wiki hii. Chochote! Ila umwache asimame."

"Sina haja."

Hana haja! Anamfukuza mtoto wa mwenzake, na hata swali moja la kumwuliza hana. Jamani, watoto ni matofali, wote wafyatuliwe kwa kalibu moja?

Mama wa Tiara akainua kichwa. "Samahani, mwalimu mkuu. Tangu niingie humu hujakaa. Naomba ukae kwanza, uniambie vizuri mwanangu ana kasoro gani."

Mwalimu mkuu akakaa. Akaweka mikono mezani. "Mwanao... yaani, tunachosema ni kwamba..." Akasita. Akasogeza kiti. "Utaratibu wetu hapa..." Goti likaanza kutikisika chini ya meza, kikombe kikagongana na kisahani chake. Maneno hayaji.

"Simama tu, mwalimu mkuu," mama akasema kwa upole, akiiweka kalamu mezani. "Hata mwanangu ndivyo anavyoniambia. Akikaa, yote yanampotea."

Mwalimu mkuu alisimama, akaenda dirishani, akawapa mgongo.

"Kesho aje," akasema.

Samahani haikumtoka, si kwa mama wala kwa mtoto, na jambo hilo linamchoma mwalimu mgeni mpaka leo.