Landilodi wa Wadudu wa Meno

Harufu ya dawa ya meno ilitufikia kabla ya dawa yenyewe. Gari la matangazo lilikuwa limesimama karibu na soko la mbuzi la Mbumbuni, milango ya nyuma wazi, na ubaridi wake mtamu ukapita juu ya vumbi na kinyesi cha mifugo hadi tulipokuwa, mimi na dada yangu Mwikali. Sisi tulisugua meno kwa kijiti tulichokitafuna hadi kikawa brashi. Kilikuwa kiangazi kirefu, mito imebaki mchanga mtupu, na Mwikali alikuwa amerudi nyumbani majuzi tu baada ya kulelewa na shangazi yetu Kwa Vonza tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Alirudi na kicheko kikubwa na meno ya kahawia, yenye madoadoa kama yai la kanga. Nyumbani hakuna aliyemuuliza kwa nini.

Ndani ya gari kulikuwa na televisheni, na katika televisheni kulikuwa na katuni. Jino lenye macho na mikono lilikuwa limelala. Wadudu wa kahawia wenye pembe wakapanda juu yake na sululu, wakachimba, wakajenga, wakawasha moto, jino likawa kahawia kama wao. Kisha mswaki ukaja mbio kama askari, povu likawafagia. Watu wazima walicheka. Sisi watoto hatukucheka, kwa sababu tuliwatambua. Nyanya alikuwa ametusimulia habari za eimu, zimwi linaloingia nyumbani kwa sura ya mtu wa ukoo na kula familia kutoka ndani. Sasa tulikuwa tumeonyeshwa mahali linapolala.

Mwenye kipaza sauti alituambia tufungue vinywa. Mwenye meno meupe angepewa mswaki. Mimi nilipewa mwekundu. Alipomfikia Mwikali aliinama, akachungulia, akawageukia watu. "Tumempata," akasema. "Huyu ndiye landilodi wao." Soko zima likaangua kicheko. Mwikali naye alicheka, kwa kuwa wenzake walicheka, halafu akafunga mdomo. Kicheko chake kile kikubwa sijakisikia tena.

Shuleni waliliimba jina hilo kama kiitikio. Landilodi, wapangaji wameamka? Landilodi, leo wanapika nini? Hakuna aliyekubali kunywa kwa kikombe chake. Alianza kutumia mswaki wangu, kisha chumvi, kisha makaa, kisha mchanga wa mtoni, na siku moja mama akamkuta nyuma ya jikoni akitema damu, mkononi ana msasa ambao baba alilainishia viti. Akina mama wa kanisa wakaja, wakamwekea mikono mashavuni, wakaamuru kilichomo kitoke. Rangi haikutoka, na kwa Mwikali huo ulikuwa ushahidi kwamba wadudu wamekataa kutoka. Tulilala kitanda kimoja. Akaanza kulala amejifunga kitambaa mdomoni ili wasitoke wakaniingia mimi.

"Mama," alisema hatimaye, "nyumba ikibomolewa, watahama."

"Na wewe utakula na nini?"

"Nitakunywa uji."

Mama alikataa, akalia, akakataa tena, mwishowe akampeleka kwa mzee aliyeng'oa meno sokoni kwa koleo. Meno ya mbele yalitoka kwa shida, magumu, yenye mizizi mirefu. Mwikali alirudi nyumbani akajitazama kwenye kioo. Yaliyokuwa pembeni nayo yalikuwa ya kahawia.

Katika nyumba ile ni mimi niliyetoka na kurudi na kitu mkononi. Nilichoma makaa, nikaosha magari Nairobi, nikajilipia karo mwenyewe hadi diploma ya afya ya kinywa, na leo kliniki ya meno hapa Mbumbuni ni yangu. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli. Chuoni mwalimu alituonyesha picha ya kinywa kama cha Mwikali. Ni floridi, alisema, madini ya maji ya kisima cha kuchimbwa, mtoto akiyanywa meno yakiwa bado yanaumbika. Mara nyingi meno hayo ni mazima. Niliandika kila neno, na wenzangu walipotoka nilibaki nimekaa.

Siku hizi hali ni bora. Dawa ya meno hununuliwa kama sukari, na katuni ninazoweka kliniki zina wadudu wasio na pembe, wanaocheza dansi. Lakini Mwikali aliolewa Kwa Vonza, na tangi la mvua likikauka hubaki pampu ya kisima cha kuchimbwa. Likizo iliyopita alimleta binti yake Mueni, ambaye meno yake ya utu uzima yanaota yakiwa ya kahawia. Mueni alitazama katuni hadi mwisho, akicheka na wenzake, kiganja kikiwa mdomoni. Nilimketisha kwenye kiti nikamweleza habari za maji na madini, kwamba hakuna mdudu yeyote, kwamba akikua nitayapunguza madoa. Nilieleza vizuri, hiyo ni kazi yangu, naijua.

"Sawa, anko," akasema. Kisha akashika mikono ya kiti, akafumba macho, akafungua kinywa, akingoja nimng'oe meno.