Samaki Aliyechimba Sakafu Yangu

Shemeji yangu anafanya biashara kati ya Salamabila na ziwa Tanganyika. Safari moja alifika kwetu Kasongo na bidoni, dumu la plastiki lenye maji, nyuma ya pikipiki, ndani yake samaki wachache wembamba, wenye rangi ya mchanga. Mke wangu akabandika mafuta motoni.

"Hawa si wa kula, dada," shemeji akasema. "Ni wa kuangalia."

Mimi ni fundi wa kujenga. Niliunganisha vioo vinene nikapata sanduku, nikaliweka barazani, nikaosha mchanga wa mtoni, nikautandaza na kuusawazisha kama sakafu ya kanisa. Kisha nikawaingiza samaki.

Asubuhi nikakuta shimo katikati, pana kama sahani. Dume mmoja alikuwa anachota mchanga kwa mdomo na kuutema pembeni. Nikafunga kijiko kwenye kijiti, nikasawazisha. Kesho yake shimo lilikuwa limerudi. Ikawa ndiyo kazi yangu kabla ya kwenda kazini, na yeye akaanza kukiuma kijiko. Sijawahi kubishana hivyo hata na mteja.

Mke wangu anakaanga mikate ya mafuta hapo barazani na kuwatazama mchana kutwa. Siku moja akanishika mkono.

"Papa, unatafuta nini kwa huyu mutu?"

"Anaharibu sakafu."

"Ile iko nyumba yake. Ukiondoka anajenga upya, anamuchezea mwanamuke, anatanua mapezi kama bwana arusi. Mwanamuke anakaribia. Asubuhi unabomoa. Nani ataolewa na mwanaume asiye na nyumba?"

Nikaweka kijiko chini. Mimi mwenyewe nilioa baada ya kuezeka.

Haikupita wiki, jike akahamia shimoni. Walizunguka, akataga, akayaokota mayai kwa mdomo. Kidevu kikamvimba, akaacha kula. Nilidhani amemeza kokoto.

"Mwache mama wa watu," mke wangu akasema. "Anabeba watoto."

Sikuamini, mpaka asubuhi moja mke wangu aliponiita nikiwa nimeshika kikombe. Jike alifungua mdomo, wakatoka vitoto vyembamba kama uzi, vikatulia juu ya mchanga. Vilifanana na huo mchanga hata tukaona macho tu. Tukachuchumaa kuvihesabu, kila mtu na hesabu yake, tukabishana hadi chai ikapoa na mikate ikaungua.