Nilidhani chama cha kwanza Sweden ndicho kimeshinda, mama wa kiwanda akagoma kukata kitambaa

Wakuu, poleni na mihangaiko. Hiki kisa ni changu mwenyewe na sijaongeza chumvi. Anayetaka kubisha abishe, ila asome kwanza mpaka chini.

Mimi ni agent hapa Guangzhou, China, nawaagizia wenye maduka mizigo ya nguo; kwetu Mwanza. Miaka michache nyuma nilikuwa nimechacha kweli kweli. Wateja wawili walinikimbia baada ya mzigo kwenda na size sizo.

Nikabaki na Dada Happy, Mchaga mwenye duka kule Sweden. Akanipa order moja ya majaribio, akaniambia wazi: "Kaka Deo, hii ukiharibu sina pa kukutetea. Mume wangu anataka tuchukulie mzigo Uturuki."

Yaani nikikosea hapo, narudi Mwanza na begi langu.

Order yenyewe ni skafu za sherehe za uchaguzi wa bunge la huko. Makundi mawili ya wafuasi yalimwambia: wetu wakiunda serikali, tunazitaka chap chap. Design mbili, nyekundu na bluu. Kazi yangu ilikuwa kusubiri aniambie ipi.

Sasa mimi na kiherehere changu!

Jumatatu asubuhi nafungua simu, kura zinahesabiwa. Chama chekundu kinaongoza, kinachofuata kiko mbali. Bluu wako namba tatu! Nikasema hapa hakuna mjadala. Kwa akili yangu ya nyumbani, wa kwanza amebeba zote na wa tatu akapumzike.

Mbio mpaka Shahe, mtaa wa nguo hapa mjini, kwa mama mwenye kiwanda kidogo cha kushona. Tunamwita laoban, yaani bosi. Nikamwambia kata nyekundu zote, leo leo.

"Bu xing." Haiwezekani.

Utaratibu wake ni kushona sample moja, kuipiga picha na kumtumia mteja. Mteja mwenyewe akijibu ndipo mkasi unagusa kitambaa. Neno la agent halitoshi.

Wakuu, nilifoka. Mteja amelala, kwao bado usiku, muda unakwenda! Yeye akanimiminia chai, akaendelea na shughuli zake. Nilimchukia siku ile, Mungu anisamehe.

Mchana wa huku, kwao asubuhi, Dada Happy akaamka, akaiona picha, simu ikaita. "Wee Deo! Nani kakwambia nyekundu? Acha mara moja!"

Ndipo nikapewa shule. Kule kuwa wa kwanza hakutoshi, wanajumlisha viti vya vyama vinavyoungana. Na kura zilikuwa bado. Baada ya siku chache upande wa bluu ukapita kwa tofauti ya viti vitatu tu. Chekundu kikabaki cha kwanza, serikali kikaikosa. Waziri mkuu akatoka chama namba tatu! Nilisoma mara mbili mbili.

Tukakata bluu, zikawahi sherehe. Dada Happy hakwenda Uturuki, yuko nami mpaka leo, na ameniletea wadogo zake wawili, nao ni wateja wangu.

Nilirudi kwa laoban na kitenge cha shukrani, nikamwomba radhi. Nikamuuliza, siasa za Sweden ulizijulia wapi?

Akacheka sana. "Sweden hata sijui iko wapi. Nilikuona wewe unaogopa. Mtu mwenye hofu simkatii kitambaa."

Wakuu, nipo mjini kwa sababu ya yule mama. Nimejifunza kumheshimu anayenikatalia. Haya, nanyi semeni: nani aliwahi kuwagomea mkamnunia, na je, mlishamrudia kumshukuru?