Sindano ya Fundi Saa

Kila Jumapili mchana fundi saa huvipanga vifaa vyake juu ya taulo jeupe kando ya jiko la mkaa: koleo refu, brashi ya waya, feni ndogo ya betri, na kipimajoto chenye sindano, ambacho hukifuta kila anapokichomoa kwenye nyama. Husoma namba taratibu. "Sitini na nane. Bado."

"Shemeji, hiyo ni nyama au mgonjwa wa homa?" humtania kaka wa mkewe.

Yeye hutabasamu tu. Mkewe peke yake ndiye anayejua kwamba tangu mumewe alipougua mwaka jana hasikii harufu yoyote, na analificha hilo asije akanyang'anywa jiko. Jumapili hii, akiwa ameinamia namba zake, vipande vya pembeni vikaanza kuungua. Kaka wa mkewe akainua pua. "Jamani, mbona kama..."

"Baba watoto," mkewe akamkatiza, "zile za kushoto si zangu? Unajua napenda zilizokauka."

Mikono ya fundi ikasita kidogo, kisha ikazigeuza bila papara. Akamchagulia kipande cheusi kuliko vyote. Mkewe akakitafuna mpaka mwisho mbele ya kaka yake, akaomba kingine.