Nilicheza footy ya Waaustralia nikiwa Doha: kijana anayetaka kufika juu aanze na mdomo, mguu baadaye

Wakuu, salamu kwenu nyote, wa bara na wa visiwani, na majirani zetu wa Kenya ambao najua mnasoma kimya kimya bila kulike.

Leo naleta kisa changu mwenyewe. Siyo chai. Atakayeona ni chai aongeze sukari anywe, mimi nilikuwepo.

Kuna jamaa humu aliuliza kijana awe na nini ili afike daraja la juu kwenye ule mpira wa Waaustralia, wenyewe wanauita footy. Majibu yakawa yale yale: urefu, mbio, misuli, lishe. Nikacheka peke yangu kwenye basi. Urefu ninao. Mbio ninazo. Sasa niwasimulie nilifika wapi.

Naona kuna mtu keshaanza kuandika "si hiyo rugby?" Siyo rugby, tulia. Mpira una umbo la yai. Goli ni nguzo nne, hakuna neti, hakuna golikipa. Ukipiga kwa mguu ukapita katikati ya zile mbili ndefu, pointi sita. Ukipita pembeni, pointi moja ya kukufuta machozi. Ukidaka mpira uliopigwa kwa mguu kutoka mbali, unaachiwa nafasi upige kwa raha zako.

Na ukitaka kumpa mwenzako kwa mkono, marufuku kurusha. Unauweka kwenye kiganja, unaupiga kwa ngumi ya mkono wa pili. Hiyo pasi ya ngumi wanaiita handball.

Shikeni hilo neno, lilitaka kunivunja mbavu.

Twende kazi.

Mimi ni mtoto wa Tanga, golikipa tangu shule ya msingi. Doha nilifika kwa kazi ya ulinzi, miaka ile kabla ya metro, kila ukigeuka kuna kreni. Nalala Al Mansoura, kazi yangu Al Wukair kwenye kampaundi ya wageni. Niko getini. Gari ikija nafungua, "good morning sir", nafunga. Hiyo ndiyo kazi, na niliifanya vizuri, sina haja ya kujishusha.

Humo ndani aliishi Muaustralia mmoja, Craig, mwalimu wa michezo kwenye shule ya kimataifa. Jioni alikuwa anapigiana ule mpira na binti yake Tess, katoto ka darasa la pili hivi, magoti yamechubuka muda wote.

Siku moja Craig akapiga vibaya, mpira ukapaa juu ya magari ukaja upande wangu. Golikipa ni golikipa bwana. Niliruka na redio kiunoni, kofia ikaenda zake, nikaudaka juu kwa juu.

Craig alikuja mbio kuomba radhi. Alipoona nimeukumbatia akasimama. Akarudi nyuma, akapiga mwingine mrefu zaidi bila hata kuniuliza. Nikadaka. Akapiga wa tatu, Tess anapiga makofi, nikadaka. Akaniuliza kama Ijumaa napumzika. Nikamwambia ndiyo sir.

Ijumaa hiyo baada ya Alasiri nikawa uwanjani.

Timu ilikuwa ya wakubwa: mainjinia, walimu, rubani mmoja, Waairishi wawili wenye vifua kama friji. Vijana tulikuwa wawili tu, mimi na Kibet, Mkenya wa Eldoret, fundi wa kompyuta anayekaa Fereej Bin Mahmoud. Mlokole, mcheshi, na anakimbia mpaka unamuonea huruma anayemfukuza. Alikuwa amenitangulia miezi michache.

Dakika za mwanzo tu mpira ukaja juu, nikaudaka katikati ya watu. Craig akawa pembeni yangu yuko huru, akapiga kelele: "Handball! Handball!"

Wakuu, mtu aliyelelewa na soka akisikia neno hilo anafanya nini?

Niliuachia mpira kama umeniunguza. Nikainua mikono yote miwili juu, namtazama refa, uso wa mtu aliyesingiziwa. Nataka kumweleza kwamba mbona mmesema huku mkono unaruhusiwa. Kabla sijafungua mdomo, Muairishi mmoja akanibeba mzima mzima akanilaza.

Uwanja mzima ulicheka. Kibet alicheka mpaka akakaa chini, maana siku yake ya kwanza na yeye alifanya hivyo hivyo.

Tatizo ni kwamba halikuisha. Akili ilishaelewa, mwili unagoma. Kila nikisikia handball, mikono inajiinua yenyewe. Wiki ya tatu Kibet akawaambia Wazungu kwamba huyu mkitaka mpira wake mwambieni "ngumi". Wakajaribu. Hawawezi kuitamka, wanasema "gumi". Lakini ikafanya kazi ile ile siku ya kwanza. Nikisikia gumi, mkono unapiga, mpira unaenda.

Baada ya muda timu nzima ikawa inaita gumi, hata Waaustralia kwa Waaustralia. Timu za kutoka Dubai zikija zinabaki zinashangaa hawa wanaitana nani.

Basi nikaamini nimemaliza. Kudaka nadaka. Mguu wa kushoto niliufundisha kwenye ukuta wa nyuma ya kampaundi, mpaka mzee mmoja wa Kisri Lanka, mtunza bustani, akawa ananihesabia. Nilikuwa vizuri, nasema bila aibu.

Kilichobaki kilikuwa mdomo.

Footy inachezwa kwa kelele. Mwenye mpira ana watu wanamjia kutoka pande zote, haoni nyuma, wewe ndiye jicho lake. Ukiwa huru unaita. Usipoita haupo.

Mimi nilikuwa siiti. Na sababu ni malezi tu. Kwetu mnakula sinia moja, nyama iko katikati, na mdogo hanyooshi mkono kuichukua. Unakula wali wako pembeni kwa adabu, mkubwa mwenyewe ndiye atakukatia kipande akakusogezea. Anayedai nyama hana mafunzo. Sasa huyu Craig ni mkubwa wangu kwa umri, na asubuhi ninamfungulia geti namwita sir. Ijumaa nimpigie ukelele anipe mpira? Nilikuwa nakaa sehemu nzuri kabisa, niko huru, nasubiri nikatiwe kipande.

Kibet ilimuuma kuliko mimi.

"Bro, nyinyi Watanzania mtatuua," akaniambia siku moja tunarudi. "Utasema 'samahani, naomba mpira' mpaka gemu iishe. Itisha! Huyo jamaa si mudir wako hapa, si bosi."

Nikamjibu siwezi kumfokea mtu mzima. Akatikisa kichwa, akaniambia basi nitakuwa mlinzi mpaka uwanjani.

Ndipo akaja Doug.

Doug alikuwa mzee mfupi, miguu ya upinde, kocha wa timu ya mji mdogo huko kwao Australia. Alimfundisha Craig utotoni, na safari hii alipitia Doha akiwa na nafasi moja mkononi. Kijana mmoja wa umri wetu, msimu mzima kwenye timu yake, sehemu ya kulala na kazi ya ghalani. Na ligi yao, timu kubwa huwa zinatuma watu kuja kuangalia vijana. Vijana ni sisi wawili, nafasi ni moja.

Niliitaka ile nafasi, wakuu. Umri ulikuwa unaniacha, na moyoni nilijua mlango wa pili hautakuja. Nilimuomba bosi wangu wa ulinzi ruhusa kabla hata sijachaguliwa, akakubali, sijui alidhani natania.

Kabla ya mechi Doug alikaa na sisi kwenye nyasi tukanywa chai ya karak. Kibet akamuuliza anaangalia nini kwa kijana. Mzee akasema wengi wanadhani ni kudaka na kupiga mbali. Hivyo ni vya kuingilia tu, kila mtu pale anavyo. Akasema yeye akishaona mchezaji amepokonywa mpira, hamtazami aliyepokonya, anamtazama aliyepokonywa: analaumu refa, anajishika kiuno, au keshageuka anaufuata? Akasema tena, kijana anayerudi kinyumenyume kudaka huku anasikia miguu ya mtu inamjia mgongoni, na macho hayatoki kwenye mpira, huyo anamkopesha hata gari. Mwisho akagusa mdomo wake kwa kidole. Hakueleza. Kibet akanitazama, mimi nikatazama chai.

Mechi ilikuwa na watu wa Dubai. Robo nne, kama kawaida yao.

Robo ya kwanza nilidaka mipira mpaka Tess pembeni akapoteza sauti. Ya pili nikapiga goli kwa kushoto, ule wa ukutani. Nikapokonywa mara moja, nikakumbuka maneno ya mzee, nikageuka nikaufuata nikauchukua tena. Kibet naye anakimbia kila kona, hadaki nusu ya ninavyodaka mimi, ila mdomo haufungi. Gumi! Nyuma yako! Rudi! Niko hapa! Anawaelekeza hadi mainjinia wenye mvi.

Robo ya tatu Craig alipata mpira, watatu wamemvaa. Mimi niko nyuma yake, huru kabisa, goli liko mbele yangu limefunguka. Nikafungua mdomo. Nikaufunga tena. Craig hakuniona, angenionaje? Wakamlaza, mpira ukaenda kwao, wakafunga.

Kibet alinipita akikimbia, anawaita wengine wote ila mimi. Hapo ndipo nikaumia.

Robo ya nne tuko nyuma kwa pointi chache. Hali ikajirudia. Craig kakamatwa kiuno, mkono mmoja umebaki huru, anatafuta pa kuupeleka. Na mimi niko pale pale.

"Sir! Ngumi!"

Ilitoka kubwa mpaka mimi mwenyewe nikashtuka. Na ile "sir" ilitoka nayo, sikuweza kuiacha. Craig hakugeuka hata kuangalia. Alipiga ngumi nyuma kwa kuifuata sauti, mpira ukanifikia kifuani, nikapiga, katikati ya nguzo. Tukashinda. Waairishi wakanibeba tena, safari hii juu.

Nikajua nimepata. Nawaambia ukweli, nilishaanza kupanga nguo kichwani.

Doug alimchagua Kibet.

Sikungoja kumuuliza kwa adabu. Nilimfuata mpaka kwenye gari, nikamwambia nataka sababu. Mzee akafurahi kwanza nilivyomkabili, naona ndicho alichokuwa anakitafuta tangu asubuhi.

"Kwa mikono na miguu wewe ni bora kuliko yeye," akaniambia. "Lakini yeye ameongea tangu robo ya kwanza. Wewe umeanza ya nne. Kwetu kijana anapewa robo moja tu."

Nilikasirika, nisiwafiche. Nilirudi Al Mansoura nikalala na viatu. Nilimchukia Doug wiki nzima, na Kibet siku mbili, halafu nikampeleka airport mwenyewe. Alilia yeye, mimi nikajikaza.

Kwa wale watakaouliza: Kibet hakufika ligi kuu. Alicheza misimu miwili, goti likagoma. Yuko huko huko, na kompyuta zake na mke. Bado ananiita mlinzi.

Mimi nilibaki Doha. Craig akaanzisha mazoezi ya watoto Ijumaa hapo Al Wukair, akanikabidhi. Watoto wa kila taifa. Na somo langu la kwanza halikuwa na mpira. Nawapanga kwenye duara, kila mmoja anamwita mwenzake kwa sauti, mdogo anamwita mkubwa. Wazazi wengine walinung'unika kwamba kocha anafundisha kelele. Nikawaambia ndiyo, nafundisha kelele, kudaka watajifunza nyumbani. Asiyetaka kuita nilimwacha asimame huru mpaka achoke kuwa huru.

Tess alikuwa wa kwanza kwenye duara. Miaka ile yote mpaka familia yao ikarudi kwao.

Mwaka mmoja kabla sijarudi Tanga, Craig alinitumia video. Tess amechaguliwa kwenye kikosi cha vijana wanaoandaliwa kuwa wachezaji wakubwa, maana siku hizi na wasichana wana ligi yao. Kwenye video yeye ndiye mdogo kuliko wote. Kuna dada mmoja mrefu kakabwa na mpira, haoni pa kwenda. Kisauti kikatoka nyuma yake, kikali, hakiombi:

"Gumi!"

Yule dada akapiga ngumi nyuma bila kuangalia. Tess akaupata.

Craig akaandika chini kwamba sasa kikosi kizima kinaita hivyo, na hakuna anayejua ni neno la wapi. Nilikuwa kwenye basi la kwenda kazini, nimevaa sare. Nikalia hadharani na sikujali nani ananitazama.

Kwa hiyo mkuu uliyeuliza kijana awe na nini: urefu akipewa na Mungu ashukuru. Mguu wa pili aufundishe ukutani. Akipokonywa ageuke. Lakini kabla ya yote hayo apaze sauti robo ya kwanza, hata kama anayemwita ni mtu ambaye asubuhi yeye humfungulia geti.

Adabu ya sinia ibaki kwenye sinia.

Uwanja ni wenu, wadau. Mwenye swali aulize, mwenye kisa cha kunyamaza kikamgharimu akiweke hapa. Ila nikikuta mtu ameanza na "samahani mkuu, naomba kuuliza" simjibu. Itisha mpira.